Yakobo Alikataa Kufarijiwa
Somo: Mwanzo 37:34-35



Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu ikiwa na damu, alikuwa bado na wana kumi na mmoja. Watoto wake wakainuka wamfariji, akakataa. Hatusomi popote kwamba Mungu alimkemea kwa kukosa shukrani. Na kumbuka, huyu mzee mwenyewe alizaliwa pacha.

Nasema hivi kwa sababu ya neno ambalo dada zetu huambiwa hapa Migori na kule Homa Bay: "Shukuru Mungu, si umebaki na mmoja?" Nia ni nzuri. Lakini fikiria anayeambiwa ni nani. Ni mama aliyengoja miaka, wakauza ng'ombe na kipande cha shamba, akapanda basi la usiku hadi Nairobi kupandikizwa mimba. Huduma hii si ngeni tena Kenya. Watoto wa kwanza waliopatikana hivyo walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Ni laki kadhaa kwa jaribio moja, na jaribio laweza kukataa. Lake likashika. Picha ya wiki ya saba ikaonyesha mioyo miwili inadunda. Ya wiki ya kumi, mmoja. Mimi nilisomea biashara, na darasani mbili toa moja hubaki moja, unafunga kitabu. Huyu mama hafungi.

Wengine wanaongeza: eti ni adhabu kwa kutafuta mtoto maabara. Hapana! Isaka alimwombea Rebeka (Mwanzo 25:21), na Mungu aliyesikia ndiye anayempa daktari akili. Pacha mmoja kupotea mapema hutokea hata kwa mimba ya kawaida, mara nyingi mama hata hajajua walikuwa wawili. Sababu mara nyingi ni kasoro ndani ya kiinitete chenyewe; si ndoo ya maji uliyobeba, si jicho la jirani. Ila aliyepandikizwa hupigwa picha mapema, ndiyo maana yeye anajua.

Sasa, huyu aliyebaki? Dada, hapa nisikilize vizuri. Mmoja akienda katika miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi mwenzake huendelea kukua na kuzaliwa mzima. Anaweza kuja mapema kidogo au na uzito mdogo, kwa hiyo usiruke kliniki. Ikitokea baadaye, hasa kama walishiriki kondo moja, hatari kwa aliyebaki ni kubwa zaidi, na daktari lazima amfuatilie kwa karibu. Ukiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali kwanza. Sisi tutaomba ukiwa njiani. Na dawa ulizoandikiwa usiache eti kwa sababu mtu ametabiri.

Wajaluo humwita pacha anayetangulia Opiyo au Apiyo, na wa pili Odongo au Adongo, yaani aliyebaki nyuma. Kuna baba aliuliza kama mtoto anayezaliwa peke yake hivi anaweza kuitwa Odongo. Jina ni la nyumba yenu, kanisa halina neno. Mimi ningemwita.

Kwa hiyo mama akilia Jumapili hii na tumbo linakua, mwacheni alie, mkae naye. Na kama kliniki ijayo iko Kisumu na nauli imeisha, Idara ya Kina Mama iambiwe mapema, siyo asubuhi ya safari.