Mzani wa Ushirika

Mwaka 2015 mataifa yaliyo katika Umoja wa Mataifa yalipatana juu ya malengo 17 ya maendeleo yatakayodumu, yatimizwe ifikapo 2030. Ushirika ni neno tamu. Je, mzani wake ni upi?

Tuitazame Namtumbo. Mwaka 1982 Pori la Akiba la Selous liliandikwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ilipokutana nchini Urusi, ilikubali mpaka wa urithi huo usogezwe ili urani ya Mto Mkuju ipate kuchimbwa. Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa huko, kwa ushirika na shirika la Rosatom la Urusi.

Hatusemi kuchimba ni kosa: nchi yahitaji fedha, na vijana wahitaji kazi. Lakini urani hiyo itawasha taa za mbali, nayo mabaki yake yenye sumu yatalala Namtumbo miaka mingi baada ya mitambo kunyamaza. Wawili wakigawana faida, kisha hasara akaachiwa mmoja, huo si ushirika.

Basi haki yadai hivi: wenyeji waelezwe ukweli wote kwa lugha waijuayo, maji yapimwe, na vipimo visomwe hadharani, fedha ya kuyahifadhi mabaki iwekwe kabla faida haijagawanywa. Mtoto atakayezaliwa Namtumbo mwaka 2060 hakuketi katika mkutano wowote. Ni juu yetu kumsemea.