Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Soma 2 Samweli 23:13–17. Ilikuwa wakati wa mavuno. Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, na kikosi cha Wafilisti kilikuwa kimeushika Bethlehemu, mji aliozaliwa. Akatamani maji ya kisima cha penye lango. Hakutoa amri, alitamka tu hamu yake. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakayachota, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana.

Mwanamke anayeujua uzito wa ndoo atauliza swali ambalo darasa hulipita haraka: kwa nini kuyamwaga? Si afadhali wangekunywa wale watatu wenyewe? Jibu ni kwamba Daudi aliyahesabu maji yale kuwa damu ya waliomletea. Katika sheria ya Musa damu hailiwi, humwagwa ardhini (Kumbukumbu la Torati 12:16). Kwa hiyo aliyatendea kama damu inavyotendewa. Wengine waliona maji. Yeye aliona gharama yake, na baada ya kuiona hayakupita kooni.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Mwaka 2016 UNICEF ilikadiria kwamba wanawake na wasichana duniani hutumia jumla ya saa milioni 200 kila siku kuchota maji. Saa hizo hukatwa kwenye usingizi, shamba na masomo. Msichana anayeingia darasani kipindi cha pili, nguo ikiwa bado mbichi mabegani, amekwisha kulipa.

Mwenye bomba ndani ya nyumba humshukuru Mungu, na ni vema. Lakini ipo shukrani inayofanana na sala ya Farisayo katika Luka 18: ahsante kwa kuwa sisi si kama wale wanaogombea foleni kisimani. Shukrani ya namna hiyo haina utamu mpaka mwingine akose. Tena ndani yake imefichwa imani kwamba maji ni ujira wa wema.

Wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru, pako mahali panapoitwa Maji ya Chai. Vyanzo vingi vya upande ule vina floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbika hupata meno ya kahawia. Akiyanywa kwa miaka mingi, hata mifupa huweza kupinda. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtoto huyo alikosa nini, yeye au wazazi wake? Wanafunzi waliuliza swali la jinsi hiyo katika Yohana 9:2, na Yesu hakukubali hesabu yao.

Basi bomba si tuzo, na kisima kikavu si adhabu. Hapo anayeshukuru hubaki amesimama kama Daudi, na kikombe mkononi ambacho hakukilipia peke yake. Hatakiwi kukimwaga, maji ya bomba yakimwagwa hayamsaidii mtu. Lakini mwenye kisima anayepandisha bei ya dumu kila kiangazi kikikaza, ingawa umeme wa pampu haukupanda, anakunywa kile ambacho Daudi alikikataa. Ni haki kurudisha gharama ya pampu. Kuuza kiu ya jirani ni jambo jingine. Vivyo hivyo baba anayeoga asubuhi kwa ndoo mbili bila kujua dada wa kazi aliamka saa ngapi kuzileta.

Kanisani swali hili hufika karibu zaidi siku ya huduma ya unyenyekevu. Washiriki hupiga magoti na kutawadhana miguu, mkubwa na mdogo sawa. Mahali pasipo na bomba, maji ya mabeseni yale huchotwa Ijumaa kabla jua halijazama, mara nyingi na mashemasi wa kike na binti zao, ambao kesho yake hukaa viti vya nyuma.

Kwa mjadala: Katika Meza ya Bwana ijayo, maji ya kutawadhana yatatoka wapi, yatabebwa na nani, na ni mwanamume gani wa darasa hili atakayeibeba ndoo ya kwanza?