Ni Nani Alipaye Deni la Mwenye Nyumba?

Mwalimu mmoja kijana alitujia hivi karibuni na swali ambalo, twadhani, laulizwa siku hizi katika jamaa nyingi. Anacho kiwanja chenye hati, na juu yake nyumba anamokaa na mkewe na watoto watatu. Benki i tayari kumkopesha shilingi milioni 50 ili ajenge nyumba ya pili, ya vyumba sita, aipangishe, na pango la wapangaji lilipe mkopo. Baada ya miaka 10 nyumba itakuwa yake, bila deni. Akauliza: “Je, Padre, ni haki watu wengine wanilipie deni, kisha nyumba ibaki yangu?”

Swali hilo si jipya, na katika Tanzania lilipata kujibiwa kwa ukali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwezi wa Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sharti la viongozi lililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na leo mwalimu, mbunge na muuza mkaa wote waweza kupangisha bila kuulizwa. Watu wengi husema mambo yale yamekwisha. Sheria imekwisha, ndiyo. Bali wasiwasi wa kijana huyu waonyesha kwamba swali lenyewe li hai.

Mtakatifu Toma wa Akwino aliligusa katika karne ya 13, alipokuwa akieleza ubaya wa riba. Divai na nafaka, asema, kuzitumia ni kuzimaliza. Basi mtu hawezi kumwuzia mwenzake divai, kisha amtoze tena kwa kuinywa. Nyumba si hivyo. Mtu aweza kukaa ndani yake mwaka mzima, naye akitoka nyumba bado ipo. Kwa hiyo mwenye nyumba aweza kumpa mwingine matumizi, akabaki na mali yake, na kupokea malipo ya haki. Pango, basi, si wizi. Mpangaji amepata alichokilipia: paa, mlango wenye kitasa, maji, usingizi.

Lakini hoja hiyo hiyo yatubana upande wa pili. Ikiwa pango ni bei ya kukaa, mpangaji adaiwa kwa kukaa kwake tu. Hadaiwi kwa haraka ya mwenye nyumba.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu na kijana wetu. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka, na mkopo ni wa miaka 10. Kila mwezi atalipa karibu shilingi 838,000. Na mwisho wake atakuwa amelipa zaidi ya milioni 100, yaani deni mara mbili. Katika mtaa wake chumba hupangishwa kwa shilingi 80,000. Vyumba sita vikijaa vyote, bila mwezi mmoja wa kukaa wazi, bila choo kuziba wala bati kuvuja, atapata 480,000. Pengo ni karibu shilingi 358,000. Ili wapangaji walibebe deni lote yampasa adai karibu 140,000 kwa chumba.

Alinyamaza, kisha akasema kwamba riba nayo ni gharama ya ujenzi, kama saruji na nondo. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuipuuzi: pasipo mkopo huenda chumba kisingekuwapo, na mpangaji angekuwa bado anahangaika na dalali. Hata hivyo, fundi aliyenunua mbao kwa bei ya kuruka hawezi kumdai mnunuzi wa kitanda hasara yake. Gharama ya haki huishia pale inapoishia faida ya anayeitumia nyumba. Palipobaki pengo, ni la mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye atakayebaki na nyumba.

Hapa ndipo yanapotoka mazoea ya kudai pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wayajua sana. Mshahara huja kwa mwezi. Pango ladaiwa kwa mwaka. Basi mpangaji naye hukopa, pengine kwa riba kali kuliko ile ya benki, ili amwokoe mwenye nyumba na benki yake. Deni limehama tu, likamwendea aliye mnyonge zaidi, ambaye hana hata tofali moja la kujivunia.

Pia kuna mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla nyumba ya jamaa haijawekwa rehani. Kijana alikuwa hajamwambia mkewe. Tulimwambia aende kwanza nyumbani.

Wazee wetu wa mijini walikuwa na njia yao. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, ilijengwa kidogo kidogo. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, wote wakitumia ua mmoja. Ugomvi haukukosekana, hasa wa maji na kuni. Lakini mwenye nyumba alijua ni siku gani mpangaji hakuwasha moto.

Mwalimu amerudi kwetu juzi. Benki ameiacha kwanza. Anajenga vyumba viwili uani kwa akiba yake, na kimoja kimekwisha ezekwa. Mkewe ataka pango lipokewe kila mwezi. Yeye ataka la miezi mitatu. Walikuwa hawajapatana.