Aliyepigwa Ndiye Shahidi

Mwishoni mwa Julai ya kila mwaka, karibu na mji mdogo wa Slippery Rock, kaskazini ya Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, uwanja wa kupigia kambi hugeuka mji. Mahema husimama safu kwa safu, bendera hupepea juu ya milango ya turubai, na watu wapatao 10,000 huishi humo kwa muda wa wiki mbili hivi. Kila aingiaye hutakiwa avae, walau kwa kujaribu, mavazi ya watu walioishi kabla ya karne ya 17, na wengi hujichagulia na jina la kuandamana na mavazi hayo. Mwalimu wa hesabu huwa sonara wa Venice. Dereva wa lori huwa baharia wa nchi za baridi. Pana soko, pana madarasa ya ufumaji na upishi wa kale yafundishwayo na watu wanaojitolea, na usiku pana ngoma, nyimbo na hadithi kando ya moto. Mkusanyiko huo huitwa Vita vya Pennsic, jina lililofumwa kwa nyuzi mbili: Pennsylvania, na Punic, yaani vile vita vya kale baina ya Roma na Karthago.

Wenye shughuli hiyo ni jumuiya iitwayo Society for Creative Anachronism, iliyozaliwa mwaka 1966 kwa karamu ya uani mjini Berkeley, California. Tangu hapo imejigawa katika falme, na vita hivi vilianza mwaka 1972 baina ya Ufalme wa Mashariki na Ufalme wa Kati. Havikupiganwa mwaka 2020 wala 2021 kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na mwaka 2023 vikatimia mara ya 50. Mfalme wa huko harithi kiti, wala hapigiwi kura. Hukipata kwa kuwashinda wenziwe uwanjani, naye hukikalia kwa kiasi cha miezi sita, kisha humpisha mwingine.

Vita vyenyewe vina hadithi ya chimbuko. Mfalme mmoja wa Kati, aliyeitwa Cariadoc, alitangaza vita dhidi ya Mashariki, na Mashariki hawakujibu. Jina lake la kila siku ni David Friedman, mwanauchumi na mwana wa mwanauchumi Milton Friedman. Lakini katika mchezo huo alijichagulia kuwa Mberiberi wa Afrika ya Kaskazini wa mnamo mwaka 1100. Baadaye alihamia upande wa mashariki wa nchi, akashinda, akawa mfalme wa huko, akaukuta ule mwito wake mwenyewe ungali unangoja jibu. Akaupokea, wakapigana, akashindwa. Ndiyo maana husemwa kwa mzaha kwamba yeye ni mfalme aliyejitangazia vita mwenyewe na vikamshinda. Na mzaha huo una pacha wake, kwamba atakayeshindwa Pennsic ndiye atakayetwikwa mji wa Pittsburgh.

Msomaji wa pwani hawezi kuusikia mzaha huo wa pili asikumbuke vitendawili vya barazani. Huku nako mchezo huishia kwa mji. Aliyetega husema, "Nipe mji," na aliyeshindwa hutoa: chukua Mombasa, chukua Lamu, chukua Unguja yote. Mwenye kitendawili huufikia mji wake wa maneno, akala, akanywa, akatandikiwa, ndipo akatoa jibu. Hapana mji uliohama kwa sababu hiyo. Hata hivyo kila mtoto aliyecheza anajua uchungu wa neno lile moja litanguliaalo mji, neno "nimeshindwa", na anajua pia kwamba hapana awezaye kumtoa mtu neno hilo kinywani kwa nguvu. Mtoto mkaidi anaweza kukaa akifikiri hadi alfajiri.

Hapo ndipo kambi ya Pennsylvania inapoacha kuwa tamasha la mavazi na kuwa swali la maadili. Wapiganaji wake huvaa deraya za kweli na kofia za chuma, lakini panga zao ni fimbo za henzerani zilizozungushiwa utepe. Huumiza, na huacha vilio vya damu chini ya ngozi, ila hazikati. Basi nani ajuaye kwamba mtu amekufa? Wasimamizi wamo uwanjani, na kazi yao ni kuchunga usalama. Kuhesabu mapigo si juu yao. Aliyepiga naye hana neno. Sheria imemwachia hukumu yule aliyepigwa. Pigo likimfika mkononi, mkono ule huuacha usifanye kazi tena. Likimfika mguuni, hupiga magoti akaendelea kupigana hivyo hivyo. Likimfika kichwani au kifuani, huanguka na kukiri kwamba amekufa. Yeye ni mshitakiwa, ni shahidi, ni kadhi, na yote hayo katika pumzi moja, huku moyo unamwenda mbio na jasho limemwingia machoni.

Sheria hiyo ingekuwa nyepesi lau pigo lolote lingetosha. Halitoshi. Hukadiriwa kwamba kila mpiganaji amevaa vazi la pete za chuma, na kwamba pigo dhaifu lisingelipenya. Kwa hiyo kila anayeguswa hubaki na mlango mdogo wa kutokea: lilikuwa jepesi, lilianzia kwenye ngao, upanga uligeuka ubapa. Mara nyingine maneno hayo huwa kweli. Na kwa kuwa mara nyingine ni kweli, yanaweza kusemwa kila mara. Yule anayeyasema mno huko huitwa mwenye ngozi ya kifaru, na jina hilo halimtoki upesi.

Tatizo la mtu huyo ni gumu kuliko uongo. Mwongo anaijua kweli, kisha huificha. Mwenye ngozi ya kifaru aghalabu haijui, kwa kuwa hamu ya kuendelea kusimama imefika mahali pa maumivu kabla ya maumivu yenyewe. Hakuhisi kwa sababu hakutaka kuhisi. Mtu anaweza kuapa kwa dhamiri safi na bado akawa amedhulumu, na aliyemdhulumu ni yule aliyempiga pigo zuri, ambaye hana pa kushitakia.

Yupo atakayeuliza: ni kitu gani hicho cha kufikiriwa na watu wazima? Vita vya fimbo, ufalme wa miezi sita, kifo ambacho mtu hufufuka akaenda kunywa maji. Heshima inayopimwa pasipo hasara, je, ni heshima? Swali ni la haki, lakini hoja yake huweza kugeuzwa. Ikiwa kushindwa hakumgharimu mtu chochote, basi kukubali kushindwa kungepaswa kuwa jambo jepesi kuliko yote, nako si jepesi. Mtu asiyeweza kusema "umenipata" mbele ya fimbo, atalisema wapi mbele ya mkewe, mbele ya mdeni wake, au mbele ya mshairi mwenziwe aliyemjibu kwa beti zilizonyooka kuliko zake? Mchezo haupimi ukubwa wa pigo. Hupima kama mtu ana mazoea ya kukiri, na mazoea hayo hayaji ghafla siku ya jambo kubwa.

Lipo shitaka la pili, nalo ni zito zaidi. Katika jumuiya hiyo kila mtu hudhaniwa kuwa wa nasaba bora tangu siku anapoingia. Kambi nzima ni ya waungwana. Lakini Ulaya ya ngome na farasi wenye mavazi haikuwa hivyo. Ilisimama juu ya migongo ya wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana wao, watu ambao hapana aliyewafumia bendera. Kuazima taji na kumwacha mtwana ni kuchagua katika historia kama mtu achaguaye embe sokoni, akiyatupa yaliyooza. Waliokufa na njaa hawakuwa na nafasi ya kuchagua hivyo.

Wasomaji wa pwani wana sababu ya kulipima shitaka hilo polepole. Neno "muungwana" katika miji yao lilimtenga aliye huru na mtumwa kabla halijawa sifa ya mwenye adabu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, neno likabaki. Leo hutajwa kwa mtu yeyote anayesema taratibu, anayelipa deni lake, asiyemwaibisha mgeni. Lilihama kutoka damu likaenda kwenye mwenendo. Uhamisho huo ni jambo la kushukuriwa, lakini ni wa halali kwa sharti moja tu: atumiaye neno asisahau nyumba lilikotoka, wala asidai kwamba nyumba ile ilikuwa safi siku zote.

Kwa sharti hilo hilo kambi ya Pennsylvania inaweza kuhukumiwa, na hukumu yake ina jambo la kushangaza. Ile desturi iliyo bora katika mchezo wao, ya aliyepigwa kujishuhudia, haikutoka katika zama wanazoziigiza. Katika vita vya zama zile shahidi alikuwa damu. Katika mashindano ya wapanda farasi palikuwapo waamuzi wa kuangalia na kuhesabu. Askari aliyepigwa upanga hakuulizwa maoni yake. Watu hawa walikwenda kuitafuta heshima kwa wahenga, na waliyorudi nayo waliitunga wao wenyewe, uwanjani, kwa sababu fimbo hazikati na ilibidi mtu aaminiwe.

Jambo hilo halipunguzi thamani ya heshima yao. Huwarudishia wenyewe mzigo wake. Anayesema kwamba watu wa kale walikuwa wakweli, aghalabu anataja ukweli anaoutamani, kisha anawakabidhi marehemu wautunze. Kufanya hivyo ni raha, kwa kuwa kilichoko kwa marehemu hakidaiwi kwa walio hai. Lakini ikiwa desturi ni ya leo, basi kuivunja nako ni kwa leo, na hapana zama za kusingiziwa.

Jioni, pambano likiisha, wapiganaji hurudi kambini kofia zikiwa kwapani, na wengi wao husimuliana namna walivyokufa. Humsifu aliyewaua, hutaja pigo lilipotua, na mara moja moja huwapo anayenyamaza, akilikumbuka pigo la asubuhi aliloliita jepesi. Aliyempiga ameketi upande wa pili wa moto, wala hajamwambia neno. Njia ya kumfikia ni hatua chache tu.