Jembe la Siku ya Pili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari ya wikiendi ina siku mbili tu. Basi dogo lilitupandisha kutoka Mombo hadi Lushoto, watu 14 tusiojuana, tumekutanishwa na nauli. Jumapili jioni kila mmoja angeshika njia yake. Katika muda huo mfupi, tunadaiana nini?

Ni rahisi kujibu: hakuna. Nauli imelipwa, mwongozaji yupo. Hata ukarimu wetu una shaka. Nani atashindwa kuwa mwema kwa siku mbili?

Lakini mlima hausubiri siku ya tatu. Tukielekea Irente, goti la dada mmoja liligoma. Kijana aliyekuwa mbele alirudi, akambebea begi, akatembea kwa mwendo wake. Jina hakuuliza.

Nyumbani msaada una daftari: leo kwako, kesho kwangu. Pale kesho haikuwepo, na begi lilibebwa. Kwa hiyo wema wa muda mfupi si wema mwepesi. Kinachonisumbua ni kingine: mbona jirani wa miaka 10 tunamsaidia huku tukihesabu?