Babu wa Majuto

Mtu akiacha kazi kwa hasira, kisha mwezi wa pili akaanza kukopa nauli, methali yake iko tayari inamsubiri. Shangazi ataitaja jikoni. Mzungumzaji wa semina za vijana ataitaja kwenye kipaza sauti. Hata meneja aliyemtukana ataitaja ofisini, mbele ya waliobaki, akitabasamu: majuto ni mjukuu. Watatu hao hawafanani kwa lolote, ila wote wameielewa kwa namna moja, kwamba majuto huchelewa kufika. Mwenye akili, basi, na akae, avumilie, asije akajuta.

Kwamba majuto huchelewa ni kweli, lakini ni kweli nyepesi. Kama wahenga walitaka kusema hilo tu, vitu vya kuchelewa havikuwa haba: mvua, mgeni, deni. Yupo atakayejibu kwamba ni mlio wa maneno, kuwa juto na mjukuu yanapendeza sikioni. Mlio upo. Hata hivyo, mjukuu haji tu mwishoni kama mgeni aliyekosa basi. Mjukuu amezaliwa, tena na mtu ambaye naye alizaliwa. Kati yake na babu kuna mzazi, na katika familia nyingi za Waswahili jina analobeba ni lile lile la babu. Ukisema mjukuu, umekwisha kutaja vizazi vitatu.

Sasa ukoo huo uhesabiwe. Tuseme ni binti, mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya kawaida ya mjini. Meneja humfokea mbele ya wageni, humkata mshahara kwa glasi iliyovunjwa na mtu mwingine, humdhihaki saa tano usiku katika kundi la WhatsApp la kazini. Akilalamika huambiwa maneno ambayo wafanyakazi wengi wanayajua kwa moyo: "Kama hutaki acha, wenzako wamepanga foleni getini." Miezi minane inapita hivyo. Siku moja anaweka funguo juu ya meza, anachukua mkoba wake, anatoka bila kuandika hata mstari mmoja.

Majuto yakija, na yatakuja, ni mjukuu wa nani? Shangazi ni kama anayemtazama mama aliyempakata mtoto akadhani ameona ukoo mzima. Babu hakuulizwa. Babu ni ile miezi minane. Mzazi ni namna binti alivyoondoka: bila barua, bila shahidi, bila kumbukumbu. Ukiwachanganya hao wawili utamfundisha mtu kujutia jambo ambalo si lake.

Sheria ya Tanzania, ajabu, inausoma ukoo huu vizuri kuliko wasema methali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapoondoka mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Neno hilo lina uzito. Nchi iliyolelewa kwa "mvumilivu hula mbivu" imeandika katika sheria yake kwamba kipo kisichovumilika, na kwamba anayekikimbia aweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa.

Sheria hiyo hiyo haimsamehe mzazi, yaani namna ya kuondoka. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka aliyetendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Akigoma kuifanyia kazi, mwajiri aweza kukata thamani yake katika anachodaiwa na mfanyakazi huyo. Fao la kukosa ajira la mifuko ya hifadhi ya jamii halikuwekwa kwa ajili ya aliyeacha kwa hiari. Na shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Binti wa mapokezi anayejuta mwezi wa pili, mara nyingi, anajutia hayo: barua ambayo hakuiandika, ujumbe wa saa tano usiku alioufuta kwa hasira. Mwulize kama anatamani kurudi kufokewa, uone atakavyokutazama.

Haki inataka ukoo uhesabiwe hata pale unapomuumbua mfanyakazi. Uingereza ilikuwa na kesi ambayo wanasheria huijua kwa jina la Western Excavating dhidi ya Sharp, ya mwaka 1978. Bwana Sharp aliomba ruhusa ya mchana mmoja akacheze karata, akanyimwa kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, akaenda. Adhabu yake ya mwisho ikawa kusimamishwa siku tano bila malipo. Akaishiwa, akaomba mkopo wa pauni 40, akakataliwa, akaacha kazi ili alipwe fedha za likizo yake. Baadaye akadai kwamba amelazimishwa kuondoka. Lord Denning na wenzake katika Mahakama ya Rufani hawakukubali: mwajiri hakuwa ameuvunja mkataba kwa kiwango cha kuusambaratisha. Mwongozo huo ndio Mahakama ya Rufani ya Kenya iliouchukua mwaka 2015. Ukimfuata mjukuu wa Sharp kwenda juu hukuti meneja dhalimu. Unakuta karata.

Kwa hiyo methali haimtetei kila anayetupa funguo, na vijana wanaotangaza kuacha kazi kwenye stetasi kabla ya kumwandikia mwajiri wanajizalia mjukuu kwa mikono yao. Hata notisi ya saa 24, ambayo siku hizi watu huisimulia kama ushujaa, kwa wengi ni bili ya mshahara wa mwezi mmoja.

Lakini aibu kubwa iko upande mwingine. Imekuwa desturi kumwita mkatili "mtu wa viwango," na kumwita aliyemkimbia "asiye na subira." Meneja anayeikariri methali hii mbele ya waliobaki anajua anachofanya: anamnyooshea kidole mjukuu ili asitazamwe yeye. Yeye hajuti, na kwa nini ajute? Mjukuu wake analelewa nyumba nyingine, kwa unga wa mkopo. Dini zote mbili zinazofuatwa na wengi katika miji yetu zinahimiza mfanyakazi alipwe bila kucheleweshwa, na wahubiri hawachoki kulisema hilo. Ingefaa waongeze kwamba kumdhalilisha mtu mbele ya watu nako ni kumnyang'anya.

Na shangazi naye, pamoja na mapenzi yake yote, ana sehemu yake. Binti akipokewa kwa methali huinamisha kichwa, haelezi kilichotokea, hujifungia chumbani kwa aibu. Juma la kwanza linapita, la pili, la tatu. Hakuna aliyemwuliza alifanyiwa nini wala nani aliona, na kati ya zile siku 30 zimebaki tisa.