Sauti ya Kuazima

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kusema "mimi" wakati si mimi.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye chumba cha intavyuu. Mama akisema kwa Kibembe "nilikimbia usiku", mkalimani hasemi "huyu mama anasema alikimbia usiku". Anasema kwa Kiingereza "nilikimbia usiku". Ndivyo tulivyofundishwa, ili afisa amsikie mama mwenyewe, asimsikie mtu wa katikati. Basi kwa siku moja naweza kuwa mjane, halafu kijana wa miaka 17, halafu mzee aliyeacha ng'ombe wake mlimani. Jioni narudi kwenye zoni yangu, nakuwa tena baba wa watoto wanne mwenye madumu kwenye foleni ya maji.

Majirani hunitania: "Wewe ni mwigizaji tu, unapewa posho kwa kulia vilio vya watu." Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi utani huo unanikaa rohoni, kwa sababu ndani yake kuna swali: nani ana haki ya kusema "mimi" kwa maumivu ya mwenzake? Na akishasema, jina lake likae wapi?

Aliyenisaidia kulifikiria swali hili ni mwigizaji kweli, tena wa mbali. Anaitwa Michel Bouquet, Mfaransa. Nilimjua kupitia mwalimu mmoja mzee wa Kifaransa aliyekuja kambini na memori kadi iliyojaa filamu za zamani. Sisi tuliosoma sekondari kule Uvira, Kifaransa tulikipata kwa fimbo. Huyu mzee alitaka tukisikie kikisemwa na mtu anayekipenda. Tulikuwa tunakaa watu sita kwenye simu moja.

Bouquet alizaliwa Paris mwaka 1925. Akiwa na miaka 7 alipelekwa shule ya bweni, na mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba miaka ile ilikuwa ya upweke na adhabu. Vita vilipokuja, baba yake alichukuliwa mateka. Kijana akatafuta kazi kama sisi tunavyotafuta, akajifunza kuoka keki. Mwaka 1943, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, aliamua kwenda kugonga mlango wa mwigizaji mkubwa wa wakati ule, Maurice Escande, bila kujulikana wala kutumwa na mtu. Akamsomea. Escande akasikia kitu, akamfungulia njia.

Kuanzia hapo alifanya kazi zaidi ya miaka 70. Mwaka 1945 alikuwa jukwaani katika tamthilia ya Albert Camus, "Caligula". Mwaka 1947, katika mchezo wa Jean Anouilh, aliigiza mapacha wawili peke yake, anatoka huyu anaingia yule. Katika "Les Justes" ya Camus, mwaka 1949, alikuwa Stepan, yule mwanamapinduzi mkali aliyeona hata kuua watoto kunaruhusiwa kwa ajili ya kesho njema. Kwenye filamu za Claude Chabrol alikuwa mume mpole anayeficha mauaji. Mwaka 1982 alikuwa Javert, polisi wa "Les Misérables" anayemwinda mtu maisha yote kwa sababu ya sheria. Akiwa mzee aliigiza Rais Mitterrand akikaribia kufa, na mchoraji Renoir ambaye mikono yake imekakamaa. Alifariki Aprili 2022 akiwa na miaka 96.

Muuaji, polisi, rais, mapacha. Sura ile ile, mwili ule ule usio na makeke. Unamwangalia unajiuliza: yeye mwenyewe yuko wapi? Alisisitiza siku zote kwamba mwigizaji ni mtumishi wa maneno ya mwandishi. Alikuwa anasoma maandishi upya na upya, miezi kabla ya kupanda jukwaani, akiogopa asije akaweka chake mahali pa mwandishi.

Lakini filamu iliyonishika haimwonyeshi kabisa. Ni filamu fupi ya Alain Resnais, "Nuit et brouillard", yaani "Usiku na Ukungu". Ina dakika 32 tu. Ilitengenezwa mwaka 1955, miaka 10 baada ya kambi za Wanazi kufunguliwa. Kamera inatembea taratibu kwenye majani yaliyoota Auschwitz na Majdanek, halafu zinakuja picha za zamani: treni, nguo za mistari, milima ya nywele, miili. Maneno yaliandikwa na Jean Cayrol, ambaye mwenyewe alifungwa katika kambi ya Mauthausen. Anayeyasoma ni Bouquet.

Anasoma namna gani? Hapo ndipo mimi nilipigwa. Halii. Hatetemeshi sauti. Anasoma kama mtu anayesoma orodha ya mgao, neno baada ya neno, polepole, anaacha nafasi. Kilio unakitoa wewe unayesikiliza. Na mwishoni ukitafuta jina lake kati ya waliotengeneza filamu, hulioni. Aliomba lisiwekwe, kwa heshima ya waliokufa. La Cayrol lipo. La aliyeazima sauti halipo.

Sasa niseme langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kwa ajili ya mama mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Afisa alimwomba aeleze usiku ule. Mama akanyamaza kitambo, akasema: "Walikuja. Nikajificha. Mtoto akakohoa."

Basi. Hakuongeza.

Mimi niliona haitoshi. Nilimhurumia. Nilijua maafisa wanasikiliza watu wengi kwa siku, nikaogopa asije akaonekana hana hoja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba watu wenye silaha na sare waliingia kijijini, kwamba nilijibana nyuma ya mtungi moyo ukinidunda, kwamba mtoto wangu alikohoa na hapo wakajua tulipo. Nilisema vizuri. Sauti yangu ilitetemeka, wala sikuilazimisha. Afisa aliacha kuandika, akaniangalia kwa huzuni. Mimi, siyo mama.

Halafu akauliza: "Umesema walivaa sare. Za rangi gani?"

Nikatafsiri swali. Mama akashangaa. "Sare? Sijasema sare. Kulikuwa giza."

Nikatafsiri na hilo. Afisa akaandika. Alivyoandika nilijua maana yake: mwombaji amejipinga mwenyewe. Mama akanigeukia taratibu, akasema: "Mwanangu, mimi nilisema mambo matatu. Mbona wewe ulisema mengi hivyo?" Hakujua Kiingereza hata kidogo. Alikuwa amepima kwa masikio.

Na mimi nilinyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale "neno sare ni langu". Nikafikiria posho, nikafikiria wanangu wanne, nikanyamaza. Intavyuu ikaahirishwa, mama akaenda nyumbani na doa kwenye faili lake, na doa lile mkono wake haukuligusa. Siku mbili sikulala vizuri. Ya tatu nilimfuata afisa nikamweleza yote. Intavyuu ikarudiwa na mkalimani mwingine. Mimi niliwekwa pembeni kwa muda, na ilikuwa haki.

Wenzangu wengine waliniambia: "Masomo, ulikosea kwa moyo mzuri." Hapana. Nimelifikiria sana. Kumhurumia mtu na kumheshimu si kitu kimoja. Nilimhurumia mama hadi nikamnyang'anya maneno yake, nikampa ya kwangu yaliyopambwa. Nilidhani mateso yake ni madogo mpaka mimi niyakuze. Kumbe mtoto kukohoa, kwa anayesikiliza, kulikuwa kumemaliza kila kitu. Angekuwa Bouquet angeyasema maneno yale kama yalivyo na kuacha nafasi.

Nadhani hapa ndipo sanaa ya mwigizaji na kazi yetu zinapokutana, na ndiyo maana sikubali wanaosema kuigiza ni kusema uongo. Muongo anatumia maneno ya mwingine kujinufaisha. Mwigizaji mwaminifu anajipunguza ili mwingine apate nafasi. Uso ni wake, "mimi" si yake. Hata akiigiza mtu asiyemwamini, hamkonyezi mtazamaji kumwambia "mimi siko hivi". Sisi nasi kuna siku tunatafsiri kwa mtu tunayemshuku. Tunapaswa kumsema wima vilevile. Kuhukumu ni kazi ya mwingine.

Lakini kuna pingamizi, na nililipata kwa binti mmoja anayefanya kazi kwenye shirika, siku tulipoangalia filamu hii pamoja. Alisema: "Kuficha jina si heshima siku zote. Huko kwenu waliochoma vijiji nao hawakuacha majina." Ni kweli. Hapa kambini tunayajua majina yanayofichwa: ripoti zisizo na mwandishi, uvumi usio na mwenyewe. Jina ni dhamana. Asiyeweka jina, utamdai wapi?

Jibu nililipata ndani ya filamu ileile. Kuna picha inayoonyesha kambi moja ya Ufaransa ambako watu walikusanywa kabla ya kupelekwa kwenye vifo vyao. Mlinzi amesimama na kofia yake, kepi ya askari wa Kifaransa. Wakaguzi wa serikali walikataa. Walitaka kofia ile ifichwe, isije ikaonekana kwamba Wafaransa nao walishika kazi. Ikafichwa kwa kuchorewa boriti juu yake.

Angalieni vizuri: filamu moja, vitu viwili vilifutwa. Jina la Bouquet lilifutwa, na kofia ya askari ilifutwa. Aliyefuta jina lake alikuwa anaacha sifa ambayo angeweza kuichukua. Waliofuta kofia walikuwa wanakwepa lawama waliyostahili kuibeba. Kwa nje vyote ni kimya. Kwa ndani vimepishana kama mchana na usiku.

Kwa hiyo kipimo changu sasa ni hiki. Nikitaka kuficha jina, najiuliza kwanza: jina hili likionekana, litaniletea nini? Likiwa litaniletea sifa kwa machozi ya mwingine, lifutwe. Likiwa litaniletea deni, libaki. Na jina la aliyeumia ni mali yake: aliweke akitaka kama Cayrol, alifiche akitaka, maana wengine bado wana ndugu upande wa pili wa ziwa. Wenzetu wa mashirika, mnaopiga picha na kuandika hadithi zetu, nawaomba mjipime nacho. Sisi tunaoandika jarida hili tujipime nacho pia, maana hata sisi tumeshajifunza kuuza huzuni ya jirani.

Kabla ya kuandika insha hii nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta anapepeta mahindi ya mgao. Nikamweleza ninachotaka kuandika, nikamsomea sehemu inayomhusu, kwa Kibembe, neno kwa neno, bila kuongeza. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akarudi kwenye ungo wake.

"Andika," akasema. "Langu usiweke. Lako weka."

Nimeliweka.